Somo: Kuipanga katriji ya bei mbaya hadi sindano ikae sawasawa kwenye mfereji

Somo hili ni la mtu aliyekwisha kununua katriji nzuri (kile kifaa kinachobeba sindano kwenye ncha ya mkono wa mashine ya santuri), akaifunga, akasikiliza, kisha akaanza kujiuliza pesa zimeenda wapi. Mara nyingi katriji haina kosa lolote. Sindano zilizochongwa nyembamba hugusa kuta za mfereji kwa ukingo mrefu na mwembamba. Ndiyo maana huchota mengi kwenye santuri, na ndiyo maana hazina msamaha. Sindano ya duara ikikaa upande kidogo huenda usisikie chochote. Hii nyembamba ikikaa upande utaisikia kwenye kila "s" ya mwimbaji.

Shika jambo moja kabla ya kugusa bisibisi: kila kipimo hapa kinavuruga kingine. Ukisogeza katriji mbele, uzito wa sindano juu ya santuri umebadilika. Ukipandisha mkono, uzito umebadilika tena. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na gusa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Andaa mizani ya kidijitali ya sindano inayosoma hadi gramu 0.01, protrakta ya kioo (bamba lenye alama mbili na mistari ya kupangia pembe), pima maji ndogo, lenzi ya kukuza, kurunzi, koleo nyembamba na santuri ya majaribio. Hakikisha sahani ya mizani si ya chuma kinachovutwa na sumaku. Katriji za koili inayotembea (zile ambazo kijiti cha sindano hutikisa koili, si sumaku) zina sumaku yenye nguvu, na mizani ya namna hiyo itakudanganya.

Hatua ya 1: Mashine ilale sawa. Weka pima maji juu ya sahani inayozunguka, rekebisha miguu. Basi.

Hatua ya 2: Funga na unganisha. Acha kifuniko cha sindano mahali pake. Nyaya: nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu ni hasi ya kushoto, nyekundu ni chanya ya kulia, kijani ni hasi ya kulia. Kibanio kikikataa kuingia, kipanue kidogo kwa ncha ya pini, usikisukume kwa nguvu. Usilehemu kabisa kwenye pini za katriji. Skrubu zikaze kiasi cha kushikilia tu, kwa sababu bado utaisogeza.

Hatua ya 3: Uzito wa kuanzia. Ukiambiwa na mtengenezaji gramu 1.8 hadi 2.2, anza na 2.0. Pima kwenye kimo kilekile cha uso wa santuri. Watu wengi huogopa uzito, wakabaki chini kabisa ya kiwango wakidhani wanalinda santuri zao. Ni kinyume. Sindano iliyo nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuzichubua kuta.

Hatua ya 4: Pembe. Hapa usiwe na haraka. Sindano iliyochonga bamba la kwanza ilisafiri kwa mstari mnyoofu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkono wako huzunguka kwenye egemeo kama mlango kwenye bawaba. Matokeo yake, sindano hulingana na mfereji sehemu mbili tu za santuri nzima, na kwingineko kote kuna hitilafu ndogo. Mtaalamu Löfgren alikokotoa jinsi ya kuipunguza hitilafu hiyo mwaka 1938, na mwenzake Baerwald akafikia jibu hilohilo mwaka 1941: kwa santuri ya inchi 12, sehemu hizo ziwe milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati. Kuna mpango wa pili wa Löfgren (70.3 na 116.6) na ule wa Stevenson (60.3 na 117.4). Kama huna sababu maalumu, chukua ule wa Baerwald.

Weka sindano kwenye alama ya kwanza ya protrakta, kisha ya pili. Angalia kijiti kinachobeba sindano, si mwili wa katriji. Hata katriji ghali huweza kutoka kiwandani kijiti kimeelekea upande kidogo, na mfereji unakijua kijiti tu. Sogeza mbele au nyuma, zungusha kidogo, rudi alama ya kwanza. Rudia hadi kijiti kilale sambamba na mistari kwenye alama zote mbili bila wewe kugusa kitu katikati. Ndipo ukaze skrubu, kidogo huku kidogo kule, uhakiki pembe tena, kisha upime uzito upya.

Hatua ya 5: Kimo cha mkono. Anza na mkono ukiwa sambamba na santuri. Wengi hulenga sindano isimame kwa nyuzi kama 92. Lakini piga hesabu: kwa mkono wa inchi 9, kubadili nyuzi 1 kunataka upandishe au ushushe egemeo kwa karibu milimita 4. Tofauti ya unene kati ya santuri mbili kwa kawaida haifiki hata milimita 1. Anayerekebisha kimo kwa kila santuri anayocheza tumwache na raha yake. Wewe sikiliza: besi ikiwa nzito na sauti imefifia, pandisha nyuma kidogo, ikiwa kali na nyembamba, shusha. Kisha pima uzito.

Hatua ya 6: Wima. Tazama kwa mbele ukiwa na kioo kidogo chini ya sindano: sindano na taswira yake ziwe mstari mmoja. Mwenye voltimita ya AC acheze toni ya 1 kHz iliyorekodiwa kushoto pekee, apime kinachovuja kulia, kisha kinyume chake. Inamisha katriji hadi mivujo miwili ikaribiane. Kama usawa unapatikana tu baada ya kuinamisha hadi inaonekana kwa macho kutoka mbali, irudishe kwa muuzaji.

Hatua ya 7: Kizuia-mvuto wa ndani. Msuguano ukichanganyika na pembe ya kichwa cha mkono, pale katriji inapofungwa, huvuta mkono kuelekea katikati, na kizuizi hiki huuvuta kinyume. Usitumie santuri isiyo na mifereji kupimia, maana msuguano wake ni mwingine. Cheza toni inayoongezeka nguvu kwenye santuri ya majaribio: mkwaruzo ukianza kulia, ongeza, ukianza kushoto, punguza. Ukuta wa nje wa mfereji ndio chaneli ya kulia, na ndio unaoachwa kwanza mkono ukivutwa ndani.

Hatua ya 8: Mzigo wa umeme. Katriji ya sumaku inayotembea hutaka omu 47,000 kwenye amplifaya, na kapasitansi ya waya wa mkono na kebo nayo huhesabiwa. Kwa koili inayotembea anza na mara 10 ya ukinzani wa koili, kisha masikio yaamue.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, kwangu kila kitu ni safi ila wimbo wa mwisho wa kila upande unakwaruza.*

Kaka, huko ndani santuri inapita chini ya sindano polepole zaidi: ukingoni ni kama sentimita 51 kwa sekunde, karibu na lebo ni kama 21. Mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo. Safisha sindano kwanza, kisha rudia hatua ya 4 na ya 3. Kama santuri zako nyingi zimejaa hadi karibu na lebo, mpango wa Stevenson utakufaa.

*Nitajuaje kama mkono wangu unaendana na katriji?*

Jumlisha kwa gramu uzito tendaji wa mkono (uzito ambao sindano inauhisi inapousukuma), katriji na skrubu, zidisha kwa ulaini wa kijiti (namba ya mtengenezaji ya jinsi kinavyopinda kirahisi), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo: utapata masafa ambayo mkono na katriji hutikisika vyenyewe. Mfano: 11 + 9 + 1 = 21; ulaini 12; 21 × 12 = 252; kipeuo ni 15.9, jibu 10 Hz. Kati ya 8 na 12 umefaulu. Mkono mzito wenye katriji laini hushuka hadi 5 au 6, na hapo kila santuri iliyopinda itakutikisia spika. Angalizo: watengenezaji wengi wa Japani hupima ulaini kwa 100 Hz, na namba hiyo huwa ndogo kuliko unayoihitaji kwenye hesabu hii.

*Naweza kupima koili kwa multimita nione kama nzima?*

Usithubutu, mkuu. Mkondo wa kipimo cha omu unaweza kuiharibu koili. Cheza santuri, usikilize pande zote mbili.

*Nikishapanga, nirudie lini?*

Dada, mpira unaoshikilia kijiti hulegea kidogo katika saa za mwanzo. Ukishaicheza saa 30 hadi 50, pima uzito na utazame kimo. Pembe haitakuwa imehama kama ulikaza vizuri.

*Na brashi ya kusafishia sindano?*

Kutoka nyuma kwenda mbele tu, upande ule santuri inakoelekea.