Mvua ya kituo na mvua ya satelaiti: namna ya kuzilinganisha kwa tasnifu ya uzamili

Ukitafiti mvua za Dar es Salaam utakutana na namba za aina mbili. Kuna za kipima mvua, kwa mfano cha kituo cha Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, na kuna za kupakua bure mtandaoni: CHIRPS, makadirio ya satelaiti yaliyochanganywa na vipimo vya vituo, inayoanzia 1981, na ERA5, mvua iliyokokotolewa na modeli ya hali ya hewa, inayorudi hadi 1940. Kuzilinganisha huonekana kazi ya jioni moja. Lakini kuna jambo dogo ndani yake linaloweza kuangusha tasnifu nzima, nalo ni siku: siku ya mvua inaanza saa ngapi, na nani kaihesabu. Nitalikawilia katika hatua ya nne.

Hatua ya 1: Chagua msimu kwanza

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hazifanani tabia. Vuli inaitikia joto la bahari. Mwaka 1997, El Niño kali (Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida) ilipokutana na Dipoli chanya ya Bahari ya Hindi (upande wetu wa magharibi kuwa na joto kuliko kawaida, wa mashariki kuwa baridi), Afrika Mashariki ilifurika; 2019 dipoli chanya iliyokuwa kali ilileta tena mvua kubwa za vuli. Uhusiano wa masika na bahari ni dhaifu zaidi, na ndiyo maana masika ni ngumu kuitabiri. Kama swali lako linagusa joto la bahari, anza na vuli. Ukijumlisha mwaka mzima kwa pamoja, misimu hiyo miwili itafichana.

Hatua ya 2: Omba data mapema

Chukua barua ya utambulisho chuoni, kisha andika ombi kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Taja jina la kituo, kipengele (mvua ya kila siku, kwa milimita) na miaka. Ombi la "data za mvua Dar" halimsaidii anayekuhudumia. Uliza ada na muda wa kusubiri ukiwa bado unaandika pendekezo la utafiti. Omba pia historia ya kituo: kiko wapi hasa, kiliwahi kuhamishwa, kipimo husomwa saa ngapi. Bila maelezo hayo unabaki na safu ya namba usiyojua ilikotoka.

Hatua ya 3: Soma faili kwa macho

Hifadhi nakala ya asili usiyoigusa kamwe. Kisha pitia mwezi baada ya mwezi. Sifuri maana yake mpimaji alitazama na hakukuta mvua. Nafasi tupu maana yake hatujui. Namba kama -99.9 ni alama ya data iliyokosekana, na TR ni mvua kidogo mno isiyopimika. Nafasi tupu za Aprili zikigeuka sifuri, umetengeneza ukame ambao haukuwepo. Amua mwezi uliokosa siku ngapi utauacha, liandike sharti hilo, ulifuate hadi mwisho.

Usifute namba kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitokea kweli, yaliua watu na kuzihamisha familia za bonde la Msimbazi. Namba kubwa ikikutia shaka, itazame pamoja na vituo jirani na magazeti ya wiki hiyo.

Hatua ya 4: Linganisha siku na siku yake

Vituo vyetu husoma mvua ya saa 24 saa tatu asubuhi, yaani 06 UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu). Tuseme imenyesha saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 5 Aprili, jambo la kawaida pwani wakati wa masika. Mpimaji anayakuta maji asubuhi hiyo hiyo. Kwa utaratibu wa kurudisha nyuma, yanaandikwa tarehe 4, kwa sababu sehemu kubwa ya saa zilizopimwa ni ya tarehe 4. Faili nyingine huyaacha tarehe 5. ERA5 ukiijumlisha kwa siku ya UTC itayaweka tarehe 5, maana alfajiri hiyo kwao ni 02 UTC. Mvua ni moja, tarehe mbili, na jedwali lako litasema modeli imekosea mara mbili.

Dawa ipo. ERA5 hutolewa kila saa, na kila namba ni mvua ya saa inayoishia kwenye muda ulioandikwa. Kwa hiyo jumlisha kuanzia 07 UTC hadi 06 UTC ya kesho yake, utapata siku ile ile ya mpimaji. Zidisha kwa 1000, kwa kuwa ERA5 huandika mvua kwa mita. Halafu sogeza data za kituo siku moja mbele, kisha siku moja nyuma, ukipima kila mara uhusiano (korelesheni) kati ya safu hizo mbili. Uhusiano ukipanda sana baada ya kusogeza, tarehe zilikuwa zimepishana. Rudi kwenye historia ya kituo uthibitishe.

CHIRPS haikupi saa. Msingi wake ni jumla za siku tano tano, na za kila siku hugawanywa kutoka humo. Ningekushauri uilinganishe kwa siku tano tano au kumi kumi, ukikumbuka kwamba, kwa siku tano tano, kipande cha mwisho cha mwezi huanzia tarehe 26 hadi mwezi uishe.

Hatua ya 5: Jua kisanduku chako kimebeba nini

CHIRPS na ERA5 hugawa ramani kwa visanduku, kila kimoja na namba moja ya mvua. Kisanduku cha CHIRPS kina upana wa nyuzi 0.05 za latitudo na longitudo, kama kilomita 5 na nusu. Cha ERA5 ni nyuzi 0.25: kimoja tu kinameza Ubungo, Kariakoo, Masaki na kipande cha bahari. Kipima mvua ni nukta moja ndani yake. Mvua ya radi inayolowesha Ubungo na kuiacha Kariakoo kavu hupozwa na wastani huo, hivyo usitegemee ERA5 ikupe vilele vya mvua kubwa.

Hatua ya 6: Pima

Tenga masika na vuli. Kwa kila msimu hesabu tofauti ya wastani, uhusiano, na jedwali la siku za mvua kwa kiwango cha milimita 1: zote mbili zimeona mvua, kituo peke yake, data za visanduku peke yake, zote kavu. Jedwali hilo litumie kwa ERA5 uliyoijumlisha upya.

CHIRPS ikipungukiwa pwani, kumbuka inakadiria mvua kwa ubaridi wa vilele vya mawingu. Mawingu mafupi yenye vilele vya joto hunyesha bila kuonekana vizuri. Ikilingana mno na kituo, usishangilie bado. CHIRPS huchanganya vipimo vya vituo ndani yake, na orodha ya vituo ilivyotumia hutolewa wazi. Kituo chako kikiwa humo, tafuta kingine kisichokuwemo, kisha rudia hatua ya sita.