Jinsi ya kuomba leseni ya bunduki ya kujilinda nyumbani, kwa sisi wa Unguja na Pemba

Msimu wa karafuu ukipamba moto, Pemba pesa hulala majumbani. Mtu ameuza karafuu zake ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, amerudi na bahasha, jirani wamemuona akiteremka garini, na usiku huo jani la mgomba likichakacha nje hapati tena usingizi. Ndivyo alivyokuwa ami yangu, Wilaya ya Wete, baada ya duka lake kuvunjwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Alinijia na neno moja tu: "Mwanangu, niandikie barua ya kuomba bunduki." Nikamwandikia, ikarudishwa. Tukaandika tena. Ninayoyaeleza hapa ni njia tuliyopita, ili wewe usirudishwe kama tulivyorudishwa sisi.

Kwanza ujue unamwomba nani. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar haina leseni yake ya silaha. Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutoka kwa Msajili wa Silaha, ndani ya Jeshi la Polisi. Tofauti yetu na Bara iko kwenye mlango wa kuingilia. Wenzetu huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, sisi tunaanzia kwa sheha, kiongozi wa shehia. Na uingie mlango huo ukijua kwamba bunduki haipatikani kama kitambulisho, kwamba ukitimiza umri unapewa. Ni ruhusa, na anayeitoa anaweza kukunyima au kukunyang'anya baadaye.

Ikiwa ndani mwako tayari mna gobore la babu, au bunduki uliyoikuta tu kwenye tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu, usianze kuiombea leseni huku umeificha darini. Hiyo ni silaha haramu na kila siku inayopita ni kosa juu yako. Mwaka 2023, Septemba na Oktoba, Serikali ilifungua msamaha wa kusalimisha silaha za namna hiyo bila kushtakiwa. Tangazo kama hilo likitoka tena, litumie siku ya kwanza. Likiwa halijatoka, nenda kwa sheha au kwa wakili uongozwe namna ya kuifikisha polisi. Usiibebe mwenyewe njiani.

Sasa barua. Inaandikwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, OCD, ikipitia kwa sheha wa shehia yako. Weka jina kamili, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na ya NIDA, kazi yako, unapoishi na tangu lini, aina ya silaha unayoiomba (bastola, bunduki ya marisau au nyingine), kisha sababu. Sababu ndiyo iliyotuangusha. Barua ya kwanza ya ami ilisema "kwa ajili ya usalama wangu na mali zangu", na maneno hayo kila mtu anaweza kuyaandika. Ya pili ikataja tarehe ya kila tukio, kilichoibwa, na namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikwa polisi, ya kila mara tuliyoripoti kituoni. Bila RB, kuvunjiwa kwako ni hadithi tu mbele ya kamati ya usalama itakayokujadili. Ndiyo maana nawasihi watu: ukiibiwa, hata kama ni mashine ya kushonea, nenda ukaripoti siku hiyo hiyo na uihifadhi ile karatasi.

Taja pia ulichokwisha kufanya kabla ya kufikiria bunduki. Umetia nondo madirishani? Umeweka taa nje? Pesa ya karafuu unaipeleka benki ya PBZ au unailaza ndani ya godoro? Umezungumza na vijana wa ulinzi shirikishi wa shehia? Utaulizwa tu, na mimi naamini ni haki uulizwe, kwa sababu mara nyingi nondo na akaunti ya benki hummaliza mwizi kabla bunduki haijahitajika.

Kwa sheha usiende kama unakwenda kugongewa muhuri. Yeye anajua nani anagombana na nani mpakani mwa shamba, nani anampiga mkewe, nani analewa. Neno lake litafika mbali kuliko barua yako. Sheha wetu alimkaribisha ami barazani, akaisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Mzee wangu, bunduki utaiweka wapi?"

"Chumbani kwangu, Bwana Sheha. Kabatini."

"Na ufunguo?"

"Chini ya mto."

"Wajukuu wanalala wapi?"

Ami akanyamaza. Wajukuu wanne wanalala chumbani kwake, wawili kitandani na wawili kwenye mkeka, na yule mdogo kabisa ndiye anayetumwa kila asubuhi kutandika. Sheha hakuongeza neno. Alimrudishia barua akamwambia arudi akishakuwa na jibu.

Jibu lilikuwa sefu ya chuma ya fundi wa kuchomea, iliyopigwa boliti nne ukutani, ndani ya chumba kisicholala mtoto. Risasi zikapata kisanduku chao, kwa kufuli yake, mbali na sefu. Funguo zote mbili ami anazifunga kiunoni kwenye mkanda, hata akienda msikitini. Haya yote yalifanyika kabla hatujaona fomu, na nakushauri nawe uyafanye kwanza, kwa sababu nyumba zetu zinajaa watu. Kuna wajukuu, wapwa waliokuja kusoma skuli, wageni wa msiba na wa harusi. Mwizi huja mara moja kwa mwaka, mtoto mtundu yupo kila siku.

Sheha akishaandika maoni yake, barua inakwenda kwa OCD. Hapo utapewa fomu, utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole ili iangaliwe kama una rekodi ya jinai. Askari wa upelelezi atakuja kwako kuona mahali pa kuhifadhia na atawauliza majirani. Uzima wa akili nao ni sharti, kwa hiyo jitayarishe kupimwa na daktari wa hospitali ya serikali. Kama unatumia dawa za ugonjwa wa akili, au una kawaida ya ulevi, sema kweli. Ukweli ukijitokeza baadaye, utaonekana ulidanganya.

Baada ya hapo faili linapanda bila wewe. Linajadiliwa na Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, ambayo Mkuu wa Wilaya ndiye mwenyekiti wake, kisha ngazi ya mkoa, kisha makao makuu. Ni miezi, si wiki. Baki na nakala ya kila karatasi na uandike jina la ofisi na tarehe uliyoikabidhi, maana faili likipotelea njiani nakala ndiyo itakayokuokoa. Akitokea mtu wa kukwambia anajua njia ya mkato, mkimbie. Malipo halali hutoka na kontroli namba, na yanakwenda Serikalini, si mkononi mwa mtu.

Ukikubaliwa, bado hujawa na bunduki. Lazima uthibitishe kwamba unajua kuitumia, kuipakua risasi na kuisafisha, halafu ununue kwa muuzaji mwenye kibali, na namba za silaha ziandikwe kwenye leseni yako. Ukinunulia Bara, usipande nayo boti kimyakimya ukitaraji haitaonekana kwenye mashine ya bandarini. Pata kwanza kibali cha kuisafirisha, ijulishe polisi ya bandari unakotoka na unakoteremka, na isafiri ikiwa tupu.

Leseni ni yako peke yako. Mtoto wako wa kiume, mlinzi wa shamba, shemeji yako anayetaka kuwinda nguruwe wanaokula mihogo, hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuibeba. Haifyatuliwi harusini, wala mwezi wa sikukuu ukiandama. Ina tarehe ya mwisho. Ihuishe kabla haijafika. Polisi wakitangaza uhakiki, kama ule wa nchi nzima wa mwaka 2016, nenda nayo. Ikipotea au kuibwa, ripoti saa hiyo hiyo.

Na ikija siku ya kuitumia? Utahukumiwa kwa Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2018, na swali litakuwa kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokukabili. Mtu aliyevunja mlango na panga mkononi ni hatari. Anayekimbia na gunia la karafuu begani ameshakupa kisogo. Ukimpiga risasi ya mgongo utasimama kizimbani wewe. Piga kelele, washa taa, waite jirani, piga simu polisi, na watu wako wawe wamelala sakafuni.

Limebaki moja ambalo wengi hawalifikirii wakati wa kuomba. Mwenye leseni akifa, bunduki haigawiwi pamoja na shamba na mikarafuu. Familia huikabidhi polisi, na mrithi anayeitaka huanza upya, kwa barua yake na kwa sheha wake. Ami amebandika karatasi upande wa ndani wa mlango wa sefu, kwa mwandiko wake: "Nikifa, aitwe askari kabla ya kuigusa bunduki." Ameniambia mimi na mkewe tu ilipo.