Somo: panga darasa kwanza, projekta baadaye

Walimu wenzangu wa Arua, Gulu na kwingineko Uganda, shule nyingi hununua vifaa kisha ndipo zitafute pa kuviweka. Naomba tuanze na chumba chenyewe, maana mtoto asiyeiona picha wala kuisikia sauti vizuri darasani hafaidiki na kompyuta yoyote.

Hatua ya 1: Jua. Nchi yetu iko kwenye ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na mashariki na magharibi kamili. Dirisha la mashariki litawasumbua asubuhi, la magharibi alasiri. Mnaojenga sasa, elekezeni madirisha kaskazini na kusini. Kama jengo lipo tayari, rusheni picha kwenye ukuta usiotazamana na dirisha, uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Pazia zito liwe upande wenye jua tu. Mkiziba madirisha yote, joto litawashinda.

Hatua ya 2: Meza. Hapa ndipo penye faida kubwa. Pangeni kompyuta kando ya kuta, skrini zikitazama katikati. Mwalimu akisimama katikati huona kazi ya kila mmoja, na nyaya hazipiti miguuni. Katikati wekeni meza za majadiliano zisizo na kompyuta: mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unadai miradi, na miradi huzaliwa watoto wakitazamana.

Hatua ya 3: Sauti. Mvua ikipiga mabati yasiyo na dari, video haisikiki. Fedha ikipatikana, dari itangulie spika.

Hatua ya 4: Umeme. Mtafuteni fundi aweke waya wa ardhini, yaani unaopeleka umeme uliovuja udongoni. Radi nayo ni hatari: ile ya Juni 2011 iliua wanafunzi 18 Runyanya, Kiryandongo. Mawingu yakikusanyika, chomoeni vifaa na watoto wakae mbali na nyaya.

Maswali ya walimu

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Nina watoto 90 na kompyuta 6. Nifanyeje?
Jibu: Watatu kwa kila kompyuta, yaani 18 kwa zamu. Fanya makundi matano, kila moja na siku yake, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengine wafanye kazi ya daftari ya mada hiyohiyo. Kibodi izunguke, asiishike mmoja tu.

Swali: Madirisha yetu yote yako mashariki, na pazia hatuna.
Jibu: Zungumza na mpanga ratiba, ndugu yangu. Vipindi vya kompyuta vihamie mchana, na mpande miti ya kivuli upande huo msimu huu wa mvua.