Mawaridi ya Kiingereza Kigoma yanakubali, fuata hivi

Haya ni yale mawaridi yenye petali nyingi zimejikunja kama kabichi ndogo, harufu yake unaisikia ukiwa bado getini. Aliyeyazalisha ni mzee David Austin wa Uingereza, la kwanza Constance Spry lilitoka 1961, mimi ninalolipenda ni Graham Thomas la njano la 1983. Watu wananiambia hayo ni ya baridi huku ziwani hayawezi. Jua letu yanalivumilia jamani, kinachoyaua ni majani kulala na maji, kwaiyo kila hatua hapa chini inarudi hapohapo.

Hatua ya 1, muda. Usipande mvua zikianza kama mahindi. Panda mwezi wa tano mvua zikikata, umwagilie mwenyewe, mche upate miezi ya kiangazi kukaza mizizi kabla ya mvua za Novemba. Mimi nilipanda miche sita mwezi wa kumi na moja, ilipofika Januari imebaki vijiti vitupu, iliniuma sana.

Hatua ya 2, sehemu. Jua la asubuhi mpaka saa sita, mchana kivuli chepesi, na upepo wa ziwa upite. Chini ya mwembe hapana, matone yanadondoka hata mvua ikishaisha. Mche hadi mche acha mita moja, usibane.

Hatua ya 3, shimo. Sentimita 50 kwenda chini na 50 upana. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, mbichi inaunguza mizizi. Kama unafika Kibirizi, mwalo wa dagaa hapa Kigoma, omba zile chenga za dagaa zinazobaki chini ya gunia, wasiotiwa chumvi, ila zioze kwanza kwenye mboji la sivyo mbwa watafukua usiku huohuo. Pale mche ulipounganishwa, ule uvimbe juu kidogo ya mizizi, pakae vidole viwili juu ya udongo, alafu tandaza majani makavu yasiguse shina.

Hatua ya 4, maji. Dumu la lita 20 linatosha miche miwili, mara mbili kwa wiki kiangazi, asubuhi, mwaga chini kwenye shina, usimwagie juu kama unaosha gari.

Hatua ya 5 ndo yenyewe, madoa meusi. Huu ni ukungu, mbegu zake zinahitaji jani liwe limelowa kama masaa saba hivi ndo ziingie, na usiku wa mvua huku unazidi hapo. Kwaiyo masika kila asubuhi napita naangalia majani ya chini, lenye doa natoa nachoma moto, siweki kwenye mboji, na yaliyodondoka naokota yote. Mankozebu, dawa ya ukungu, napiga mapema kabla madoa hayajatokea, narudia kila siku saba mpaka kumi na nne kama kibandiko kinavyosema, jua likiwa halijawa kali, mdomo na pua umefunika. Kiangazi adui anabadilika, anakuja utitiri mwekundu chini ya jani, huyo mrushie maji kwa nguvu saa moja asubuhi ili mpaka mchana jani limekauka.

Hatua ya 6, kupogoa. Usikate mpaka chini kama wanavyofanya kwenye baridi, toa theluthi tu mwezi wa tisa, na matawi ya katikati yanayobanana uyatoe hewa ipite.

Kwenye joto ua linafunguka haraka na linakuwa dogo kidogo, ni kawaida. Ukitaka ya mezani kata saa kumi na mbili asubuhi likiwa nusu wazi, tumbukiza kwenye ndoo ya maji palepale.