Nyungunyungu darasani: waache wajibu wenyewe

Watoto wa huku Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hakuna wa kuwafundisha kuchimba nyungunyungu. Waambie darasa la nne walete chambo: watatoka migombani na kwenye mfereji wa maji ya kuogea na kopo limejaa. Kazi yako, mwalimu, ni kuwazuia wasikimbilie ziwani na ndoana.

Mimi huanza na karatasi. Weka nyungunyungu mmoja juu ya karatasi kavu ya daftari, darasa linyamaze kabisa, mtoto ainamishe sikio. Atasikia mkwaruzo mwembamba. Hivyo ni vinywele vigumu vya tumboni, ndivyo anavyojishikiza navyo kwenye udongo. Kisha alowanishe kidole, ampapase taratibu kutoka mkiani kwenda kichwani; atavigusa. (Kichwa kiko upande uliokaribiana na ule mkanda mnene. Waacheni wabishane kwanza.) Dakika moja juu ya karatasi inatosha. Hana mapafu, anapumulia ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Mnyunyizie maji ya mvua, usimtume mtoto kuchota ziwani. Kichocho hakina utani.

Sasa chupa. Kata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kitako kwa msumari. Panga mchanga, udongo mweusi, mchanga tena, udongo tena, kila tabaka likiwa bichi kidogo, juu majani makavu ya mwembe. Tia nyungunyungu wanne, zungushia kitambaa cheusi, maana wanakimbia mwanga, uweke kivulini. Andaa chupa ya pili vilevile, ila bila nyungunyungu, ya kulinganishia. Walimu wengi huiruka hii, na bila hiyo hamna jaribio, kuna pambo tu. Baada ya wiki mbili fungua, wachore zote mbili.

Watauliza kama anasikia. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliwapigia piano, hawakushtuka. Alipoweka vyungu vyao juu ya piano lenyewe na kubonyeza noti, wakazama mashimoni. Sisi tuna ngoma ya paredi. Wawekeni kwenye sinia lenye udongo mbichi, piga ngoma mbali, halafu gonga meza yenye sinia. Nani kajikunja, na lini?

Na yupo atakayeuliza: ukimkata, anakuwa wawili? Hapana. Kipande cha mkiani hufa, cha kichwani huenda kikapona. Wembe usitoke mfukoni.

Mwisho rudisheni wote migombani, mikono ioshwe kwa sabuni. Wahesabu kabla ya kengele, la sivyo watatu wanne watalala kwenye ndoana jioni hiyohiyo.