Kupanga bata bandia bwawani: anza na upepo

Mbukwenyi, kama tusalimiavyo Kigogo. Vijana wakinifuata na kiroba kimejaa bata bandia wa kuwavutia bata mwitu watue karibu na mwindaji, huniuliza wapange wangapi. Mimi huwauliza upepo unatoka wapi. Bata akitua huukabili upepo, kama ndege ya abiria inavyofanya uwanjani. Ukikosea hapo, hata utandaze mia, watakuja kutokea kisogoni kwako.

Kabla ya lolote, kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, na bunduki nayo ina leseni yake. Mwone ofisa wanyamapori akueleze eneo, msimu, aina ya ndege na njia zinazoruhusiwa. Akisema hapana, rudi nyumbani.

Hatua ya 1: Jua unamwigiza nani. Huku kwetu Dodoma, kwenye mabwawa ya Hombolo na Mtera na kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi, utakutana sana na bata miluzi: uso mweupe, miguu mirefu, mlio kama filimbi. Hula zaidi usiku. Mchana husimama kandokando ya maji wamebanana. Kwa hiyo wasielee wote. Watatu au wanne wachomeke kwa vijiti kwenye tope, wawe wamesimama.

Hatua ya 2: Ua mng'ao. Mimi nachonga wangu kwa ndala kuukuu zilizogandishwa kwa gundi. Rangi ikikauka, sugua kwa msasa, kisha pakaza majivu mpaka mgongo ufifie. Msimu wangu wa kwanza niliwapiga vanishi. Jua lilipochomoza waling'aa kama sufuria za mwali. Mvuvi mmoja mzee akasimamisha kasia.

"Mjukuu wangu, hao bata wanakwenda harusini?"

"Hapana babu, nawinda."

"Basi watakula ubwabwa peke yao."

Kweli, hakutua hata mmoja.

Hatua ya 3: Kamba na nanga. Nailoni nyembamba isiyong'aa, ndefu kuliko kina cha maji kama mara moja na nusu, mwishoni nati kubwa au kipande cha nondo. Kamba ikiwa fupi, wimbi linamwinamisha bata kichwa kama mlevi. Ikizidi urefu, wanagongana na kusukana.

Hatua ya 4: Kaa ukingo wa mashariki. Upepo wa Dodoma, kama ujuavyo ukianua nguo, mara nyingi hutoka mashariki. Hata hivyo dondosha vumbi kidogo uhakikishe, maana alfajiri upepo huwa umetulia. Ukikaa mashariki, upepo uko mgongoni na jua linalochomoza liko mgongoni pia: bata anakuja akikutazama huku jua limempiga machoni. Jioni upepo unabaki pale pale, ila jua limehamia usoni kwako. Ndiyo maana jioni siendi.

Hatua ya 5: Acha uwazi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fika saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Panga umbo la U: tako la U liwe upande wako, mdomo ufunguke kule upepo unakoelekea. Nikiwa na kumi na wawili, wanne nawachomeka topeni karibu na maficho yangu, watano mkono wa kushoto, watatu kulia. Kati yao naacha maji matupu, upana wa hatua kumi hivi. Huo ndio uwanja wao wa kutua. Wengi huogopa utupu, huujaza, kisha wanashangaa bata wanazunguka mara mbili na kwenda zao. Nao wasipangwe mstari kama wanafunzi wa paredi. Wageuze kidogo, huyu hivi, yule vile. Wa mbali kabisa mweke mita 30 kutoka ulipo. Huyo ndiye rula yako: bata halisi akiwa nje yake, bunduki inyamaze.

Hatua ya 6: Watie uhai. Funga kamba kwa bata mmoja, ipitishe kwenye kijiti kilichochomekwa chini ya maji, mwisho wake ushike wewe. Kundi likiwa mbali au likikupa mkia, vuta taratibu ili maji yatikisike. Likikugeukia, acha. Hata pua usijikune.

Hatua ya 7: Kupiga na kuokota. Usipige chini kuelekea maji. Marisau, zile chembe za risasi, hudunda juu ya maji kama kijiwe, na wavuvi huanza kazi mapema. Usiyemtambua vizuri, mwache apite. Mtera usiingie majini kupanga wala kuokota: kuna mamba na viboko. Tafuta mwenye mtumbwi anayelijua bwawa, mlipe.

Ukimaliza, zungushia kila bata kamba yake shingoni na uwahesabu kabla hujaondoka. Wangu wawili walibaki Hombolo. Mmoja sijui aliko. Mwingine namwona kila nikienda: ndege mnandi amemgeuza kigoda.