Kuweka makala ya jarida kwenye marejeleo: anza na tarehe

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Lile la kitaaluma lenye tafiti tunaliita jarida, na hili la habari na picha linalotoka kila wiki nalo ni jarida, sasa mtu akifika kwenye marejeleo anayaandika yote sawa, anaweka mwaka tu basi. Kazi yangu ilisharudishwa kwa hilo, msimamizi kazungushia miaka yote wino mwekundu, na alikuwa sahihi, maana jarida la kila wiki linaweza kutoa matoleo 50 kwa mwaka, ukimwambia msomaji 2023 peke yake unataka ayafungue yote?

Kwa hiyo kabla hujalifunga jarida la habari andika tarehe kamili ya toleo, halafu mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida na kurasa.

Kwa APA, mmoja wa mitindo ya kuandika marejeleo kama ilivyo MLA na Chicago, inaanza hivi: Fulani, A. (2023, Mei 14). Kinafuata kichwa cha makala bila alama za kunukuu, kisha jina la jarida kwa italiki, volumu na namba ya toleo kama zipo, na kurasa. La kila mwezi unaishia kwenye mwezi. Ila ndani ya maandishi unaweka mwaka tu, (Fulani, 2023), hapo ndipo wengi wanajaza tarehe yote bila sababu.

MLA kichwa kinaingia kwenye alama za kunukuu, tarehe inaanza na siku, 14 Mei 2023, na ndani ya maandishi ni jina na ukurasa bila mwaka, (Fulani 25). Chicago hata ukiona volumu achana nayo, tarehe inatosha.

Majarida yanapenda kukatisha makala, unasoma ukurasa wa 24 mpaka 26 halafu unaambiwa endelea wa 60. APA andika 24–26, 60. MLA andika 24+.

Kama mwandishi hakutajwa usiandike "hajulikani", kichwa cha makala ndio kinakaa mbele. Na kama umesomea mtandaoni weka linki ya makala yenyewe, sio ya ukurasa wa mwanzo wa jarida, na namba za kurasa kama hazipo usizibuni.

Ukitumia programu ya kutengeneza marejeleo angalia umechagua aina gani, ukiacha ya kitaaluma itakulia siku na mwezi kimyakimya.